Mume Wangu Alipokagua Nyumba za Masaji

Mwaka ambao kaunti iliamua kuziweka nyumba za masaji chini ya sheria, mume wangu ndiye aliyekabidhiwa upande wetu, kuanzia Changamwe hadi Miritini. Yeye ni afisa wa afya. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukagua mikahawa, mabucha na vyoo vya shule, na katika kazi hiyo sikuwahi kumwonea wivu mtu. Alikuwa akirudi ananuka utumbo wa ng'ombe, nami nikimpokea mkoba wake kwa furaha zangu zote.

Malalamiko yalianzia mitaani. Tangu reli mpya ifike Miritini na maegesho ya malori yaongezeke, vyumba vya kukandia vilichipuka kando ya barabara, kila kimoja na bango lake na pazia lake zito mlangoni. Watu wakasema nyuma ya mapazia yale hakukandwi mtu. Maimamu walisema, wachungaji walisema, wazazi wakaenda kwa chifu. Na wale waliokuwa wakikanda kwa haki nao walinung'unika kwamba wanahesabiwa pamoja na wasiokuwa na haya. Basi kaunti ikatunga kanuni zake, na mume wangu akarudi nazo nyumbani kwetu Mikindani, akanisomea tukila chakula cha mchana siku ya Jumamosi.

"Mlango wa chumba cha kukandia usiwe na komeo," akasoma. "Uwe na kioo, mtu aliye nje aweze kuona ndani. Mkandaji awe na cheti cha afya. Shuka libadilishwe kwa kila mteja. Kuwe na maji na sabuni. Asiingizwe mtoto."

"Na mkaguzi?" nikamuuliza. "Yeye amewekewa sheria gani?"

Akacheka. "Mkaguzi anaogopa Mungu."

Nami nikacheka. Tulikuwa tunacheka vizuri siku hizo.

Mimi nilizaliwa Likoni, na kwetu kukanda ni kazi ya wanawake watu wazima. Mwanamke akijifungua, huja mtu wa kumkanda kwa maji ya moto na mafuta mpaka arobaini yake iishe. Mtoto akiteguka mkono, huja mtu. Hakuna aliyewahi kutundika bango, na hakuna aliyekuja kutoka ofisini kuuliza cheti. Kwa hiyo mambo haya ya leseni na vioo vya milango niliyaona ni ya huko barabarani, ya madereva na abiria, hayanihusu. Mimi nilikuwa na cherehani yangu. Nashona sare za shule na mapazia, na msimu wa shule kufunguliwa huwa sijui Jumatatu wala Jumanne.

Kilichonizindua ni harufu. Siku moja niliokota shati la mume wangu kuliloweka, likanukia karafuu na mchaichai. Harufu nzuri, ya mafuta. Nikalisogeza puani tena kana kwamba sikuamini.

"Leo ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Miritini. Kwenye masaji. Huko kote kunanukia mafuta, ukisimama kidogo tu yanakushika."

Jibu lilikuwa la mtu mkweli, nami nikaliloweka shati. Lakini juma lililofuata ilikuwa harufu ileile, karafuu na mchaichai, na mara nyingine tena ikawa hiyohiyo. Nikajiuliza, nyumba zote hizo, kila moja haina mafuta yake? Mbona harufu ni ya nyumba moja?

Nina dada, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye huuza viazi karai pale Miritini, mkabala na maegesho ya malori. Meza yake inaangalia barabara yote. Nikampigia simu nikijifanya namjulia hali, na baada ya salamu za watoto na za wazee nikamuuliza kama humwona shemeji yake akipita kazini.

Nilimsikia akigeuza viazi karaini kwanza.

"Namwona," akasema. "Sikutaka kukwambia, kwa sababu sina ninalolijua. Nyumba nyingine huingia akatoka. Husimama mlangoni, akaandika, akaenda zake. Ila kuna moja, ile ya rangi ya kijani. Ile huingia akakaa."

"Hukaa kiasi gani?"

"Mimi hukaanga karai nzima nikaimaliza, bado yumo."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

"Mwanamke. Mtu wa huko Kilifi, bara. Mpole, hana maneno na mtu. Mimi sijamwona na baya, wallahi."

Niliposikia hana baya niliumia zaidi. Ningeambiwa ni mwanamke wa hovyo, ningelia siku mbili, nikaenda kwa wazee wa mume wangu, mambo yakajulikana. Huyu mpole nitamfanya nini?

Nikaanza kuishi na yule mwanamke nyumbani mwangu. Nikikata kitambaa, namwona. Nikipika, namwona mume wangu amekaa mbele yake, na ninampa sura ninayoitaka: mrefu, mwembamba, macho ya wanja, vidole virefu vya hina. Kila siku nilimwongezea uzuri. Nilinunua leso mpya, nikafukiza udi chumbani, nikajipaka mafuta ya mrashi mpaka binti yetu mkubwa akaniuliza kuna harusi ya nani. Mume wangu akaingia, akavua viatu, akasema, "Chai ipo?" Nikamletea chai. Nilitaka kumwagia.

Nikakumbuka vile nilivyokuwa nikimkanda mwenyewe tulipooana. Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akilala kifudifudi mkekani nami namkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, huku akinihadithia habari za ofisini. Ni lini tuliacha? Sikumbuki siku. Watoto walikuja, sare za watu zikaja, mikono yangu ikawa ya vitambaa. Na sasa kulikuwa na mikono mingine mahali fulani, nami niliijua kwa harufu tu.

Nilivumilia mpaka siku moja nilipomuuliza waziwazi, "Hiyo nyumba ya kijani, ishapata leseni?"

Akanyanyua uso haraka. "Nani kakwambia habari za nyumba ya kijani?"

"Nauliza tu."

"Bado. Kuna vitu havijakamilika."

"Vitu gani?"

"Vya kazi," akasema, akatoka nje kuangalia tangi la maji, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Kesho yake niliwapeleka watoto shule, nikafunika cherehani, nikavaa buibui nikaenda Miritini.

Sikupita mezani kwa dada yangu. Nilishukia mbele kidogo nikarudi kwa miguu upande wa pili, nyuma ya malori. Nyumba ya kijani ilikuwa chumba cha mwisho katika safu ya vyumba vya kupangisha, baada ya duka la vipuri na kinyozi. Pazia halikuwapo. Mlango ulikuwa umetobolewa ukatiwa kioo, na pale palipokuwa na komeo palibaki matundu ya misumari na alama nyeupe ya mbao isiyopigwa rangi. Nilisimama nikiitazama ile alama. Ni mume wangu aliyeamuru komeo ling'olewe. Nikawaza, basi hata kama ni kutenda jambo, wangetendea wapi? Lakini wivu haukubali hesabu kama hiyo, ukaniambia wangejua wenyewe pa kutendea.

"Karibu, mamangu. Ingia ndani, jua kali."

Niligeuka. Mwanamke niliyemjenga kwa majuma mengi hakuwapo. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mtu mzima, ananipita umri, mnene, mfupi, amejifunga kitambaa kichwani na aproni ya bluu. Mikono yake ilikuwa mipana kama ya mtu wa jembe. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso unaokutana nao sokoni usiukumbuke.

Ningepaswa kushukuru, na badala yake nilizidi kuumia. Mrembo ningemwelewa, maana mrembo humtia mwanamume wazimu hata bila kusema neno. Huyu je? Kama mume wangu alikuwa akija kukaa kwa huyu, basi alikuwa na kitu ambacho udi na leso mpya haviwezi kukifikia.

"Nina shingo," nikamwambia. "Na mabega. Nashona."

"Kushona ni kazi mbaya kwa shingo. Lala hapa."

Kitanda kilikuwa chembamba, kimetandikwa shuka jeupe lililokuwa na mikunjo ya pasi. Kulikuwa na beseni, sabuni, jagi la maji. Na kando ya dirisha kulikuwa na kiti cha plastiki. Nilikitazama kile kiti kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote chumbani.

Alipofungua chupa ya mafuta, harufu ikanijia yote kwa pamoja, nikafumba macho. Mikono yake ilikuwa na nguvu na haikuwa na haraka. Alianza shingoni, akashuka mabegani, akapata mahali chini ya kombe la bega palipokuwa pamenisumbua mwaka mzima, akapakandamiza kwa kidole gumba mpaka machozi yakanitoka. Nilimchukia kwa kuwa alikuwa akiijua kazi yake.

"Nasikia siku hizi kaunti imewakazia," nikasema, uso wangu ukiwa umezama kwenye taulo.

"Wee, acha tu. Mimi hii kazi nilifundishwa hotelini huko ufukweni, miaka mingi nimefanya. Hoteli ikapunguza watu, ndio nikaja hapa. Sina tatizo na sheria. Wametaka komeo litoke, nikalitoa. Wametaka kioo, nikatia. Cheti cha afya ninacho. Nangoja sahihi tu."

"Kwani anayekagua ni mkali?"

"Mkali? Hata!" Akacheka kidogo. "Mtu mtulivu, ana adabu zake. Tatizo lake moja, haondoki."

Nilishika ukingo wa kitanda. "Haondoki vipi?"

"Hukaa pale kitini. Mwanzo nilidhani ataka kitu. Wajua wanaume wakiwa na kalamu mkononi. Nikamwandalia jibu lake kabisa. Lakini hakuomba kitu, hata chai hanywi. Siku moja nilikuwa nakunja mashuka, akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninao, na mmoja nilimzika akiwa mchanga. Basi, mamangu, yule mtu akaweka kalamu chini, akaanza kunihadithia wa kwake. Legeza bega. Mbona wakaza?"

Sikuweza kulegeza. Kati ya binti yetu mkubwa na mdogo nilizaa mtoto wa kiume. Nilipasuliwa, nikapoteza damu nyingi, na nilipozinduka niliambiwa mtoto aliishi saa chache tu na ameshazikwa Likoni, katika makaburi ya kwetu. Sikumwona. Mume wangu alisimama miguuni pa kitanda cha hospitali akasema, "Tumemzika. Mungu atupe subira." Tangu siku hiyo hatukumtaja tena mtoto yule, si yeye, si mimi.

"Alikuhadithia nini?" nikauliza.

Alikuwa mtu mpole kama dada yangu alivyosema, na nadhani alifikiri naulizia kwa huruma tu. Akasema huku akiendelea kunikanda.

"Kwamba mkewe alikuwa hospitali hajitambui. Wakwe zake walikuwa wakimngoja ng'ambo ya Likoni kwa maziko. Yeye ndiye aliyempakata mtoto, amemzungushia leso, akaingia naye kwenye feri na watu wengine wote. Watu wanasukumana na mizigo yao. Mama mmoja akamsogezea nafasi ukutani, akamuuliza, 'Mtoto amelala?' Akamjibu, 'Ndiyo, amelala.' Mama akamwambia amfunike kichwa, kuna upepo. Akamfunika. Anasema alikuwa mwepesi hata kila mara alikuwa akiinua pembe ya leso kuhakikisha yumo."

Nilikaa kitako. Nilijivutia leso kifuani.

"Nimekuumiza?" akauliza.

"Mimi ndiye mkewe."

Mikono yake ilibaki hewani, inameremeta mafuta. Tulitazamana. Nje, lori lilikuwa likirudi nyuma na mtu akilipigia kelele, twende, twende, kata kulia.

"Umekuja kunipiga?" akauliza. Aliuliza taratibu, kama anayetaka kujua ili ajiandae.

"Sijui nilikuja kufanya nini."

"Mumeo hajanigusa hata kidole, mamangu. Wallahi, ingawa mimi ni Mkristo, naapa kwa hiyo wallahi yenu."

"Angekugusa," nikamwambia, "ningejua la kufanya. Huyo mtoto ni wangu. Mimi ndiye niliyembeba miezi yote ile. Habari za feri sikuwa nazo. Habari za huyo mama sikuwa nazo. Wewe unazo. Wewe, wa barabarani, unazo!"

Nilisema kwa sauti, na kupitia kile kioo cha mlangoni nilimwona kinyozi jirani akichungulia akaondoka. Yule mwanamke alichukua taulo akajifuta mikono kidole kwa kidole.

"Sikumwomba," akasema. "Nataka nikwambie jambo na usikasirike. Kila akija hapa na fulana ya kaunti, madereva wakimwona kiooni wanageuza. Wanadhani ni msako. Akikaa asubuhi, asubuhi yangu imekwenda. Na siwezi kumwambia ondoka, kwa sababu leseni yangu iko mkononi mwake. Nasikiliza, naitikia, namwambia pole. Ni pole ya kweli, na mimi nilizika. Lakini nataka kufanya kazi."

Hilo sikulitarajia. Majuma yote yale nilikuwa nimemwona kama mwizi aliyejificha na mali yangu, na kumbe alikuwa ameshikishwa tu, hana pa kuiweka. Nilimwelewa, na bado nilikuwa namwonea wivu. Nililipa, nikatoka, nikasahau kufunga kiatu kimoja.

Nilingoja Ijumaa. Binti zetu walikuwa madrasa. Mume wangu alirudi msikitini, akavua kofia, akakaa mkekani, nami nikakaa mbele yake.

"Nilikwenda Miritini," nikamwambia. "Nyumba ya kijani."

Akaiweka kofia chini. "Nani kakutuma?"

"Nilijituma. Nimekandwa."

"Mke wangu, naapa hakuna..."

"Najua hakuna. Ameniambia. Ameniambia na mengine." "Ameniambia habari za feri."

Aliinama. Kwa muda mrefu niliona utosi wake tu, nywele zilivyoanza kupungua katikati.

"Kwa nini yeye?" nikamuuliza. "Kama ulitaka kusema, mimi nilikuwa hapa. Nimelala kando yako miaka yote hii. Umemchukua mwanangu ukampa mtu baki."

"Mamako alinikataza," akasema.

"Mamangu?"

"Siku ile ya maziko. Alinishika mkono akaniambia, huyu yuko kwenye uzazi, ana kidonda, usimtie majonzi mpaka arobaini yake iishe. Nikatii. Arobaini ikaisha. Ukawa unatembea, unacheka na mtoto mkubwa. Nikajiuliza, nianzie wapi? Nitakuja jikoni nikwambie, unakumbuka yule? Nikaahirisha. Kisha ukapata mimba ya huyu mdogo, nikaogopa zaidi." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Yule mama wa nyumba ya kijani aliposema tu amezika mtoto mchanga, maneno yalinitoka. Sikuyapanga. Kesho yake nikajikuta nataka kurudi, kwa sababu kulikuwa na mahali ambapo yule mtoto yupo."

"Na huku nyumbani hayupo?"

Akawa anachokonoa ukindu wa mkeka.

"Basi leseni yake mpe," nikasema. "Unamfukuzia wateja. Wajua?"

Hakujua. Nilimwona anavyoshtuka, mtu wa haki kama yeye, aliyewahi kufunga bucha la mjomba wake mwenyewe. Aliniuliza mara mbili kama kweli yule mama alisema hivyo. Jumatatu yake alikwenda kwa mkubwa wake, akaomba nyumba ile ikaguliwe na mwingine. Sijui alitoa sababu gani. Ikapewa afisa mmoja wa kike, na dada yangu wa viazi aliniarifu kwamba afisa huyo alikuwa moto: alidai beseni la pili, akadai kibanda cha kubadilishia nguo, akakataa mashuka ambayo mume wangu alikuwa ameyakubali. Lakini aliingia akatoka, na hakukaa kitini. Haikupita muda mrefu leseni ikatoka, ikatiwa fremu, ikatundikwa ukutani.

Baadaye ofisini wakakubaliana kwamba mkaguzi asiingie peke yake kwenye nyumba za masaji, waende wawili wawili, na penye wanawake awepo mwanamke. Mume wangu aliniletea habari hiyo kwa uso wa mtu anayetaka kusifiwa. Nilimsifu kidogo.

Jambo lenyewe lilikuwa limekwisha, na watu wangedhani na wivu wangu ulikwisha. Haukwisha. Ulihamia mahali pengine. Mashati hayakuwa na harufu tena, lakini mimi nilikuwa nikikaa kwenye cherehani nikiyarudia maneno yale, leso, upepo, mtoto amelala, na kila nikiyarudia nilikuwa nikiyasikia kwa sauti ya yule mwanamke, kwa lafudhi yake ya Kilifi. Hata huzuni yangu mwenyewe niliipokea kwa mdomo wake. Na nikaanza kuwaza, ni yapi mengine anayo? Mtu hukaa kitini asubuhi nzima, halafu aseme habari za feri tu?

Nikarudi Miritini. Safari hii nilipita mezani kwa dada yangu, nikala viazi, nikavuka barabara mchana kweupe. Kulikuwa na dereva akingoja kwenye benchi na mwanamke mwingine ndani. Nikangoja zamu yangu. Aliponiona hakushtuka, akanionyesha kitanda.

"Shingo?"

"Shingo."

Alinikanda kimya. Mwisho nikamwambia, "Nataka uniambie yote aliyokwambia. Yote."

"Sikwambii, mamangu."

"Ni mtoto wangu."

"Ndiyo maana. Ile siku sikujua wewe ni nani, nikasema. Sasa nakujua. Nikikwambia mimi, utayapokea tena kwangu, na utanichukia tena. Yako kwa mumeo. Muulize yeye."

Nilimkasirikia njiani kote, mpaka Mikindani. Ilinichoma kwamba ana kitu changu na anaamua mwenyewe lini nikipate.

Lakini nilimuuliza mume wangu. Sikumuuliza kwa mpango. Tulikuwa uani siku ya Jumapili, yeye anatengeneza mguu wa stuli, mimi nakata vitambaa vya mapazia chini kwenye mkeka, na binti zetu wamekwenda kwa jirani. Nikamwambia, "Niambie alikuwaje."

Aliweka nyundo chini. Akaniambia mtoto alikuwa na nywele nyingi, za kulala, kama za babangu. Akaniambia sikio moja lilikuwa limejikunja, na muuguzi alimwambia lingenyooka lenyewe. Akaniambia habari za feri, kwa maneno yake, na hazikuwa sawasawa na zile nilizosikia: yule mama hakusogea ukutani, alisimama akampa nafasi yake ya kukaa kwenye gunia lake la nazi. Nikalishika moyoni lile gunia la nazi, ambalo yule mwanamke hakunitajia, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Akaniambia wajomba zangu walimpokea ng'ambo, na babangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

"Na jina," akasema. "Aliishi, kwa hivyo alistahili jina. Imamu aliniuliza, nikampa."

"Ulimpa jina? Na mimi sikuambiwa?"

"Nilikuwa nakungoja uniulize."

Akanitajia. Ni jina zuri. Lilikuwa limo katika yale tuliyokuwa tukiyapimapima usiku nikiwa na mimba, na ni lile nililolitaka mimi, silo alilolitaka yeye. Nikalirudia kwa sauti mara kadhaa, nikilia, mkasi bado mkononi.

Kisha nikafuta uso, nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni.

"Yule mama wa Miritini, ulimwambia hili jina?"

"Hapana," akasema. "Jina sikumwambia mtu."

Nilifurahi. Sitasema nilifurahi kwa wema. Nilifurahi kwa uchoyo, kama mtoto aliyeachiwa kipande cha halua ambacho wenzake hawakukiona. Nikamwambia asimwambie mtu mwingine, wala dada zake, wala wazee. Akaahidi, akaokota nyundo, akaendelea na stuli, nami nikaendelea kukata kitambaa, na nilikata vibaya, ikabidi nianze upya.